Kasoro: Moshi

Mpwa wangu Ndelilio hupandisha wageni mlimani.
Wakishuka, magoti yamekwisha na mioyo imelainika,
humwachia soksi, tochi, mara nyingine chupa.
Safari hii tatu. Zimebaki vidole viwili viwili.
"Mjomba, wewe ndiye mwenye ulimi," akasema,
akazipanga mezani, hapa Rau, kama watuhumiwa.

Ulimi ninao. Miaka thelathini na minne nimeonja kahawa
kwenye chumba chenye meza ya kuzunguka,
kijiko mkononi, ndoo ya shaba gotini:
fyonza, zungusha, tema.
Vikombe mia mbili kwa siku,
kisha nyumbani nakunywa chai.

Kwa hiyo ile ya kwanza niliitema. Mazoea.
Ikatoka dirishani, ikatua kwenye masale ya uani.
Ndelilio akashika kichwa: "Mjomba! Umetema laki!"
Nikaomba radhi. Nikamiminiwa tena. Nikameza.

Rangi: chai kavu iliyosahauliwa jikoni.
Pua: zabibu kavu, mbao za benchi la kanisa,
ganda la chungwa lililokauka mfukoni mwa koti.
Ulimini ni sukari guru inayokaribia kuungua,
inashuka pole pole, kama mchungaji mnene
anayetafuta ngazi za mimbari kwa mguu.
Themanini na sita. Ningeongeza,
ila mwishoni inajisifu.

Ya pili, nyepesi, ilinidanganya.
Nikaiona ya watoto, nikaidondoshea maji tone moja,
ikafunguka: majani yaliyofyekwa asubuhi,
asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma.
Ndelilio akasoma karatasi ya chupa:
"Kimea cha shayiri, maji, hamira. Basi."
Nikacheka. Mama yangu alichipusha ulezi
chini ya majani ya mgomba, siku kwa siku akinusa,
akajua kwa pua saa ya kuuanika.
Yeye nani alimwandikia karatasi?
Themanini na tisa.

Ya tatu haikungoja kikombe.
Kizibo kilitoka tu, chumba kikajaa jiko.
Kuni mbichi. Masizi ya boriti. Nyama iliyotundikwa.
"Hii ndiyo wanayoililia," akasema Ndelilio,
"wanachoma udongo ili kimea kinukie moshi. Kusudi!"
Akataja bei. Nikamwambia ataje tena.

Mwaka wa elnino jua lilisusa Uru yote.
Mjane mmoja, Kaanasia, alikausha kahawa yake
darini, juu ya meko, usiku akiigeuza kwa mkono.
Magunia manne. Nikafyonza, nikazungusha, nikatema.
Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri:
Kasoro: moshi. Ikataliwe.

Alinifuata hadi langoni, kanga imelowa.
Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba,
moshi una ubaya gani? Si tunaishi humo?
Na mji wako huu unaitwaje?"
Walinzi walicheka. Mimi pia nilicheka,
na kicheko hicho sikukitema popote.

Nikanywa. Chumvi kidogo, kama dawa ya kidonda,
kisha pilipili, kisha utamu unaochelewa
kama mtu aliyetembea kutoka mbali.
Moshi ulibaki kooni baada ya kila kitu kuondoka.
"Ngapi, mjomba?" Kalamu ilikuwa juu ya karatasi.
Nilipotafuta namba niliona vidole vyake tu,
vikigeuza punje usiku.

Nikamuuliza kama bado anao rafiki kule Uru,
na kama njia inapitika baada ya mvua.
Akaniangalia kama mtu aliyelewa. Sikuwa.

Asubuhi nilitoka uani na kisu.
Nikachagua jani moja la sale,
la upande wa dirisha,
lililolewa kabla yangu.